ABU RAIHANI AL-BIRUNI, MPIMA VITO

Shekhe Abu Raihani Muhammad bin Ahmad al-Biruni alizaliwa mwezi 3 Mfunguo Tatu mwaka 362 wa Hijra, ndio Septemba mwaka 973 wa miladi, katika mji wa Kath, nchi ya Khawarizmi, ambayo leo sehemu yake imo Uzbekistan. Hisabu na falaki alisomeshwa na Amiri Abu Nasri Mansuri bin Iraki, mtu wa nyumba ya wafalme wa nchi hiyo. Alipokuwa kijana wa miaka ishirini na miwili hivi fitina iliingia, mfalme wa Kath akauawa, ufalme ukahamia nyumba nyingine, naye akakimbia. Tangu siku hizo maisha yake yalikuwa mlangoni pa mfalme huyu au yule: mara Rai, mara Jurjani kwa Kabusi bin Washmgiri, mara kurejea kwao.

Mwaka 1017 Sultani Mahmudi wa Ghazna aliitwaa Khawarizmi, akawachukua wanavyuoni wake pamoja na mali yake, na al-Biruni alikuwa miongoni mwao. Mwingine angalivunjika moyo. Yeye alifuatana na mambo ya Sultani mpaka Bara Hindi, akajifunza lugha ya Sanskriti hali ni mtu mzima, na juu ya Wahindi akatunga kitabu ambacho hata leo wenyewe Wahindi hukirejea. Humo pwani ya Zanji imetajwa. Amesema kuwa bandari ya Somnath ilikuwa kituo cha mabaharia waendao baina ya Sufala na China. Na amepokea habari kuwa lulu zilikoma katika bahari ya Sarandibu zikadhihiri Sufala, ambako zamani hazikuwako, hata watu wakanena kuwa zimehama.

Amma khabari ya vito, Ghazna ilikuwa mahali pake hasa, kwani hazina za Hindi zilimiminika huko. Penye vito vingi pana uwongo mwingi, na kosa la jicho moja huweza kumfilisi mfanyi biashara aliye mwaminifu. Mashaka makubwa yalikuwa katika mawe mawili mekundu: yakuti, na la'li itokayo milima ya Badakhshani. Mawe haya hung'ara sawasawa, na pengine la'li humshinda mwenziwe kwa uzuri wa rangi. Sonara atazame nini?

Al-Biruni aliliacha jicho akashika mizani. Alifanyiza chombo kipana chini na chembamba shingoni, chenye mrija ulioinama karibu na kinywa chake. Hutiwa maji mpaka mrija ukaacha kudondoka. Kisha hutumbukizwa jiwe lililokwisha pimwa uzito, na maji yaliyosukumwa nalo hutoka mrijani yakaanguka katika kitanga cha mizani, nayo yakapimwa. Kwa njia hii hujulikana jiwe ni zito kadiri gani kuliko maji yaliyo sawa nalo kwa ukubwa. Katika vito aliiweka yakuti ya buluu kuwa ni 100, na wengine wote akawalinganisha nayo. La'li haikufika, ilisimama karibu na sehemu tisa katika kumi. Kwa hivyo mawe yaliyofanana mbele ya macho yalifarikiana mbele ya maji, na yakuti nyekundu ikaonekana kuwa karibu mno na ya buluu kuliko na la'li yenye rangi kama yake.

Sababu yake ilijulikana baada ya miaka mia tisa. Yakuti zote, nyekundu na buluu, ni madini moja: alumini na oksijeni, chembe zake zimejipanga kwa namna ya pembe sita, na mara nyingi jiwe lenyewe hutoka ardhini na mbavu sita. La'li, ambayo leo huitwa spineli, ina alumini na oksijeni vile vile, lakini imeingia magnesi kati yao, na mpango wake ni wa mchemraba. Jiwe lake hutoka na nyuso nane. Wekundu wa yote mawili hutokana na kromi kidogo tu. Rangi ni moja, nyumba ni mbalimbali. Mpango huo wa ndani ulionekana kwa mionzi ya eksirei, ambayo ilianza kupitishwa katika madini mwaka 1912. Kule Ulaya spineli haikutengwa barabara na yakuti ila mwaka 1783, na jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la wafalme wa Uingereza, lililodhaniwa karne nyingi kuwa yakuti, ni spineli.

Kitabu chake cha vito, al-Jamahir, alikitunga uzeeni, zama za Sultani Maududi. Watu walikuwa wakisema kuwa nyoka akiitazama zumaridi macho yake hupasuka, na vitabu vilinakili neno hilo kimoja kwa kimoja. Al-Biruni alimvika nyoka mkufu wa zumaridi, akamtandikia zumaridi, akaitikisa mbele yake, muda wa miezi tisa, joto na baridi. Nyoka hakupofuka.

Alifariki Ghazna, kwa kauli iliyo mashuhuri mwaka 440 wa Hijra, sawa na 1048. Imepokewa kuwa mwanachuoni mmoja wa fikihi aliingia kumtazama naye yumo katika kukata roho, pumzi zimembana. Al-Biruni akamwuliza mas'ala ya mirathi ya bibi wa upande wa mama, waliyokuwa wameyazungumza siku moja. Yule akamhurumia, akastaajabu kuulizwa katika hali ile. Mgonjwa akamjibu kuwa kuiaga dunia hali anayajua ni bora kuliko kuiaga hali hayajui. Basi akamweleza, naye akayarudia mpaka akayahifadhi. Mgeni akatoka, na kabla hajafika mbali alisikia njiani kilio cha watu wa nyumba ile.