Meza ya Mfalme Yeongjo wa Korea

Yeongjo, mfalme wa 21 wa nasaba ya Joseon nchini Korea, alizaliwa mwaka 1694. Mamake hakutoka katika ukoo wa kifahari. Aliingia kasri akiwa mtumishi wa ngazi ya chini kabla ya kupendwa na Mfalme Sukjong. Unyonge huo wa asili ulimwandama Yeongjo, lakini kilichomtia doa zaidi ni chakula. Mwaka 1724 kakake wa baba mmoja, Mfalme Gyeongjong, akiwa mgonjwa, aliandaliwa kaa pamoja na matunda ya persimoni, vyakula ambavyo waganga wa zama hizo waliamini havipatani tumboni. Siku chache baadaye alifariki, na Yeongjo akarithi kiti. Uvumi kwamba yeye ndiye aliyepeleka mlo ule ulichochea uasi wa mwaka 1728. Hata mwaka 1755, mshtakiwa mmoja wa uhaini alimtamkia usoni kwamba hakuwa ameonja kaa tangu 1724. Mfalme alilia.

Huenda ndiyo sababu meza yake ilikuwa ya kujinyima. Desturi iliruhusu milo mitano kwa siku. Yeye alitosheka na mitatu. Ukame ulipozuka alipunguza vitoweo, kama ilivyokuwa ada ya wafalme wa Joseon, ila yeye aliigeuza ada hiyo kuwa silaha: mawaziri wa makundi hasimu walipozozana, alisusia chakula hadi wanyenyekee. Siasa yake ya kusawazisha makundi iliitwa tangpyeong. Kutokana nayo, kwa mujibu wa mapokeo, kukapatikana tangpyeongchae: wanga wa ndengu uliopikwa, ukagandishwa na kukatwa vipande vyembamba, kisha ukachanganywa na nyama, mboga na mwani. Husemwa kila rangi iliwakilisha kundi moja, ingawa maelezo hayo yana harufu ya kubuniwa baadaye.

Upatanisho huo haukufika nyumbani kwake. Mwaka 1762 aliamuru mwanawe, Sado, afungiwe ndani ya sanduku la kuhifadhia mchele. Baada ya siku nane alikuwa amekufa.

Uzeeni, hamu ya kula ilipomtoka, kumbukumbu za kasri zinataja vichache vilivyomwamsha, miongoni mwavyo uyoga wa misonobari na gochujang, rojo kali la pilipili na soya iliyochachuka. Ajabu ni kwamba gochujang ya nyumbani kwa afisa mmoja aliiona tamu kuliko ya wapishi wake. Alifariki mwaka 1776, baada ya kutawala takriban miaka 52, muda uliomshinda kila mfalme wa nasaba hiyo. Joseon ilikoma, gochujang huuzwa leo hata nje ya Asia, na tangpyeongchae ingali inaandaliwa katika mikahawa ya Seoul inayopika vyakula vya kifalme.