FRANCIS MEILLAND, MKUZAJI WA WARIDI LA AMANI

Sisi wa Kitui na Makueni twaijua miembe kuliko miwaridi. Lakini kila aliyewahi kupandikiza mwembe ana undugu na mtu ninayetaka kuwasimulia leo: Francis Meilland wa Ufaransa.

Meilland alizaliwa mwaka wa 1912 katika jamii ya wakuzaji wa waridi, karibu na mji wa Lyon. Baba yake, Antoine, ndiye aliyemfunza kazi. Mwaka wa 1935 walichukua chavua ya ua moja wakaitia katika ua jingine, wakapanda mbegu zilizopatikana, kisha wakangoja. Kati ya miche yote, mmoja ulitoa ua kubwa la manjano lenye kingo za waridi. Ajabu!

Mwaridi mzuri hauzidishwi kwa mbegu, kwa kuwa mtoto huenda asifanane na mama. Hukatwa jicho lake likapachikwa chini ya gamba la mwaridi mwingine wenye mizizi imara. Kumbe ni yale yale! Nasi huchukua kijiti cha Ngowe tukakipachika kwenye mwembe wa kienyeji.

Mwaka wa 1939, vita vilipokuwa vinabisha hodi, Meilland aliwatumia wakuzaji wenzake wa Ujerumani, Italia na Marekani vijiti vya mwaridi ule. Vita vikaanza, barua zikakatika. Kwa miaka mingi hakujua kama miche yake kule ng'ambo ilikuwa hai. Kwao Ufaransa, ua lile aliliita kwa jina la mama yake.

Kumbe Marekani lilikuwa limestawi! Tarehe 29 Aprili 1945 lilipewa huko jina la Amani. Mwaka huo huo, wakuu wa wajumbe waliokutana San Francisco kuunda Umoja wa Mataifa walipewa kila mmoja ua hilo.

Meilland hakukoma hapo. Alipigania haki ya mkuzaji kulipwa kwa aina ya mmea aliyoivumbua, kama mtunzi anavyolipwa kwa kitabu chake. Alifariki mwaka wa 1958, akiwa na miaka 46 tu.

Mimi pia napenda waridi. Miwaridi michache iliyo mbele ya madarasa yetu twainywesha maji ya kunawia mikono, maana maji safi twayapangia foleni. Wenzangu hunicheka: eti, ua laliwa? La, haliliwi. Lakini anayeweza kutunza ua katika ukame huu, mwembe hautamshinda.

Tena kuna funzo kubwa zaidi. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Meilland angalificha vijiti vyake, labda vita vingaliumaliza mwaridi ule. Basi ndugu zangu, ukiwa na mche mzuri, mpe jirani kijiti. Mvua ikikosa kwako, huenda ikanyesha kwake.