Hugh Tracey: mzungu wa tumbaku aliyezinasa ngoma tunazosampo leo

Haya wadau, wale wote mnaopika biti kwenye Fruity Loops hapa Isikizya, Tabora mjini, Urambo mpaka Nzega, leo ni zamu yenu. Kila nikisikia biti za washkaji, kiki ni ileile na snea ni ileile, zote zimetoka kwenye pakiti za bure za mtandaoni ambazo dogo wa Brazil na dogo wa Poland nao wanazo. Halafu mtu anataka biti yake isikike ya Kinyamwezi! Itasikikaje?

Kabla sijafika huko nawapa kwanza maisha ya jamaa mmoja. Bila yeye, ngoma nyingi za Afrika Mashariki za zamani leo tusingekuwa nazo hata dakika moja. Anaitwa Hugh Tracey.

Jamaa alizaliwa Devon, Uingereza, mwaka 1903. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, bado kijana kabisa, akaja Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo) kumsaidia kaka yake kulima tumbaku. Sisi watu wa Tabora tumbaku tunaijua, ile kazi haina mchezo. Wazungu wengi walikuwa wanasimama pembeni na kutoa amri. Tracey akaanza kuimba na vibarua shambani, akajifunza lugha yao ya Kikaranga, na nyimbo zao zikamkaa kichwani. Mwaka 1929 akawachukua vijana wa huko akawapeleka hadi Johannesburg, safari ndefu ya mamia ya kilomita, kwa sababu mafundi wa kampuni ya Columbia walikuwa wamekuja na mashine ya kurekodi. Hizo ni kati ya rekodi za mwanzo kabisa za muziki wa asili wa nchi ile.

Baadaye akapata fedha za utafiti kutoka Carnegie, na watunzi wakubwa wa Uingereza, Holst na Vaughan Williams, wakamtia moyo aendelee. Riziki aliipata redioni: kuanzia 1936 alisimamia studio za Durban za shirika la utangazaji la Afrika Kusini, huku akivuka kwenda Msumbiji kujifunza timbila za Wachopi. Kitabu chake kuhusu hao Wachopi kilitoka 1948. Lakini studio ilimchosha. Mwaka 1947 akaacha kazi, akaungana na Eric Gallo, tajiri wa kampuni ya santuri, akapakia mitambo kwenye gari na kuingia barabarani.

Hapa ndipo penye utamu kwa prodyuza. Hakukuwa na umeme vijijini, kwa hiyo alitembea na jenereta, inawekwa mbali kabisa ili mngurumo usiingie, halafu waya mrefu unavutwa hadi penye wapigaji. Alianza na mashine za kuchora sauti kwenye sahani, baadaye zikaja za tepu. Maikrofoni hakuisimika kwenye stendi kisha akaondoka. Aliishika mwenyewe, akasogea nayo. Ngoma ndogo ikichukua usukani anaikaribia, kubwa ikiingia anarudi nyuma, mwimbaji akifungua mdomo anageukia huko. Yaani kazi ya kupanga sauti ipi iwe juu na ipi iwe chini, ambayo wewe unaifanya na mausi saa nane za usiku, yeye aliimaliza palepale uwanjani, kwa miguu yake. Ikikosewa, imekosewa. Na santuri za wakati ule zilibeba kama dakika 3 tu kila upande, kwa hiyo ngoma ya kukesha ilibidi ikatwe iingie humo. Hilo ni hasara, tuseme ukweli.

Mwaka 1950 alikuja Tanganyika, na pia Kenya na Uganda. Kwetu alirekodi makabila kadhaa, Wagogo na Wahaya wamo. Kericho, Kenya, akawanasa wasichana wa Kikipsigis na wimbo wao maarufu wa Chemirocha, jina lililotokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani waliyekuwa wamemsikia kwenye gramafoni. Mwaka 1952 huko Jadotville, Kongo (sasa Likasi), akakutana na mpiga gita Mwenda Jean Bosco, na wimbo wa Masanga, ulioimbwa kwa Kiswahili, ukasambaa kila kona.

Sasa ngoma zenyewe. Uganda aliingia mpaka ikulu ya Kabaka, akarekodi wapigaji wa mfalme. Mei 1966 jeshi la Obote, likiongozwa na Idi Amin, likaivamia ikulu ile ya Mengo, Kabaka akakimbilia uhamishoni, vyombo vingi vikaharibiwa na wapigaji wakatawanyika. Mwaka 1967 falme zikafutwa kabisa, zikarudi 1993. Kati ya 1967 na 1993 hesabu mwenyewe ni wazee wangapi walikufa na ujuzi wao. Rwanda hivyohivyo: mwaka 1952 alizirekodi ngoma za mwami, na mwaka 1961 ufalme ukaondolewa. Nadhani hata Tracey mwenyewe hakujua kwamba amewahi kwa miaka michache tu.

Zile ngoma za Rwanda zisikilizeni vizuri, maana ni darasa tosha la kupandanisha sauti. Kuna ishakwe, ndogo, kali, inayoshika mwendo bila kuyumba. Kuna inyahura katikati. Chini kuna ibihumurizo zenye besi. Kila moja ina nafasi yake, hakuna inayokanyaga nyingine. Prodyuza wetu yeye anabebanisha kiki 3 zote za besi, halafu anashangaa biti inatoa sauti ya gunia la mahindi limedondoka. Kwa nini? Sauti mbili za chini zikikutana, wimbi la moja linaweza kupanda wakati la pili linashuka, zinauana. Dawa ni kusogeza moja mbele kidogo au nyuma kidogo mpaka uzito urudi, au kuitoa kabisa.

Ngoma ya rekodi za zamani kama hizi besi yake ya chini kabisa ni hafifu, mashine za enzi zile hazikuikamata vizuri. Kwa hiyo mnayofanya ni hivi: ile ngoma iachieni katikati, mkate kila kitu chini ya hezi 80 au 100, halafu chini yake wekeni kiki ya kisasa laini, iliyotuniwa kwa noti ya ngoma yenyewe. Usituni kwa kubahatisha. Tracey alitembea na uma za kupimia sauti zaidi ya 50, anapima kila chombo, maana alijua skeli za Kiafrika hazifuati kinanda. Juu kabisa pachika manyanga, yale ya kwetu. Na tafadhali bana, usiivute kila pigo ikae sawa na mistari ya programu. Yule mpigaji alichelewesha lile pigo makusudi, ukilinyoosha unabaki na mashine.

Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika inayojulikana kwa kifupi ILAM, karibu na Johannesburg, na kutoka humo zikatoka santuri zaidi ya 200. Mwaka huohuo akaanza kutengeneza na kuuza kalimba, ndogo zake na ilimba za Wagogo, ambayo baadaye Maurice White wa Earth, Wind & Fire akaifanya ijulikane dunia nzima. Tracey alifariki 1977. Mwaka uliofuata maktaba ikahamia Chuo Kikuu cha Rhodes, Grahamstown (sasa Makhanda), chini ya mwanawe Andrew.

Sasa hapa ndipo wadau watanirukia. Huyu alifanya kazi chini ya wakoloni na makaburu, akilipiwa na kampuni ya santuri. Ni Gallo hiyohiyo ambayo Solomon Linda aliirekodia Mbube mwaka 1939, akapata shilingi chache, akafa maskini 1962, na familia yake ikaja kufikia makubaliano ya malipo 2006. Wapigaji wa Tracey nao walipewa kidogo wakaenda zao. Mwaka 2016 maprodyuza wa Ulaya walitoa albamu ya Beating Heart, wakisampo rekodi zake za Malawi na kupachika midundo ya kilabu, mapato yakaenda kwenye misaada hukohuko Malawi. Na kuanzia 2014 ILAM wameanza kuwarudishia Wakenya nakala za rekodi zao, Kericho ikiwemo. Mimi naona ni mwanzo mzuri ila umechelewa miaka 60. Mnaotaka kusampo, ombeni kibali ILAM kwanza, na muandike jina la mpigaji kama lipo.

Halafu kuna kitu kinanikera. Barabara ya msafara ilipita hapahapa kwetu, wapagazi wa Kinyamwezi wakitoka Tabora hadi Bagamoyo, kirangozi mbele na ngoma ikigonga kuwaamsha na kuwaongezea hatua. Reli ilipofika Tabora 1912 ile kazi ikafa, na Tracey alikuja Tanganyika karibu miaka 40 baadaye. Mdundo ule wa njiani nani anao? Vijijini Uyui wapo wazee waliousikia kwa babu zao. Simu yako ina kinasa sauti. Nenda jioni upepo ukitulia, kaa nje mbali na ukuta ili mwangwi usiingie, ishike mkononi, sogea kama Tracey, mpe mzee chochote, na jina lake liandike kwenye faili.

Nani anaanza? Tupia hapo chini kijiji chako na ngoma iliyopo.