Livingstone: Mtama na karanga vilivyofika akiwa hawezi kula tena

Tabora. Ukitoka Ipuli kwenda Kwihara, nje kidogo ya mji, utafika kwenye tembe ambalo leo ni makumbusho. Hapo Dk David Livingstone alikaa takribani miezi sita mwaka 1872, muda mwingi akisubiri wapagazi kutoka pwani.

Wengi wanamjua kwa safari zake. Wachache wanajua kwamba miaka yake ya mwisho aliisumbukia sana chakula ambacho mwili wake mgonjwa ungekipokea.

Alizaliwa Blantyre, Scotland, Machi 19, 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua wa kiwanda cha pamba, baadaye akasomea udaktari.

Mwanzoni mwa 1867, watoro wa msafara wake waliondoka na sanduku la dawa. Toka hapo homa na kuhara damu vikawa vinamrudia. Meno yakalegea kwa kutafuna mahindi magumu.

Oktoba 1871 aliingia Ujiji amekonda, akakuta mali alizotumiwa zimeshauzwa. Wiki chache baadaye akatokea Henry Stanley na shehena yake. Kutoka milo miwili duni kwa siku, Livingstone akaanza kula mara nne. Nguvu zikarudi, wakazunguka pamoja kaskazini mwa Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi, kisha wakatembea hadi Kwihara.

Siku hizi daktari angeanza taratibu. Mtu aliyeshinda njaa muda mrefu akilishwa kwa wingi ghafla, fosfeti na potasiamu hushuka kwenye damu, moyo ukayumba. Livingstone alinusurika.

Agosti 25, 1872 aliondoka Kwihara kuelekea Ziwa Bangweulu, Zambia ya sasa. Haukupita mwezi, tumbo likamshika, akakaa siku nane bila kula. Kufikia Aprili 1873 alikuwa anavuja damu na kubebwa kwenye machela.

Aprili 27 aliandika kwa mara ya mwisho kwenye shajara yake. Maneno hayo machache yalitaja kutuma watu wakanunue mbuzi wa maziwa. Hawakupatikana. Siku hizohizo aliomba mtama na karanga vitwangwe pamoja. Halima, mpishi wake, na mwenzake Ntaoeka wakaviandaa. Vilipoletwa, hakuweza kula.

Alifariki Mei 1, 1873 kijijini kwa Chitambo, akiwa na miaka 60. Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili, wakapita tena Kwihara, wakafika Bagamoyo Februari 1874. Alizikwa Westminster Abbey, London, Aprili 18.

Leo, mgonjwa aliye mahututi hasubiriwi mpaka apate hamu ya kula. Asipoweza kumeza, hupewa chakula cha majimaji kwa mrija wa puani, mara nyingi ndani ya saa 48 za mwanzo hali ikiruhusu. Huanza kidogo, kikiongezwa siku hadi siku, na protini ya kutosha, maana misuli huyeyuka haraka mtu akiwa kitandani.

Kwa ndugu wanaofika wodini na chupa ya uji, muulizeni nesi kwanza. Mgonjwa asiyemeza vizuri akinyweshwa kwa kijiko, uji unaweza kuingia mapafuni. Na kama amelala siku ya pili hajapewa chochote, muulizeni pia ataanza kulishwa lini.