Yusuf Lule: Mkuu wa Makerere aliyepewa nchi isiyo na njia ya Mombasa

Yusuf Lule alipoapishwa kuwa Rais wa Uganda Aprili 13, 1979, Kampala ilikuwa imetekwa siku mbili tu, na barabara ya Tororo na Busia ilikuwa bado mikononi mwa askari wa Idi Amin. Jinja, pamoja na bwawa la Owen Falls ambalo malori yalipita juu yake kuvuka Nile, ilitwaliwa na majeshi ya Tanzania Aprili 22, kisha wakasonga mashariki kuelekea mpaka wa Kenya. Msafirishaji anajua maana yake: kwa siku hizo za mwanzo rais hakuwa na njia ya bandari. Chumvi, sabuni na sukari zilikuwa bidhaa za magendo kwa miaka.

Lule hakuwa mtu wa majukwaa. Alizaliwa mwaka 1912, akasoma Budo, Makerere, Fort Hare ya Afrika Kusini, chuo kilichowasomesha viongozi wengi weusi, na baadaye Edinburgh. Alikuwa mwalimu. Mwaka 1964 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Makerere, ambayo wakati huo ilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Nairobi na Dar es Salaam. Kijana wa Busia ya Kenya aliyetaka udaktari aliweza kuvuka kwenda Kampala, wa Tororo aliyetaka sheria akaenda Dar. Soko la pamoja, kwa kweli, ila la elimu. Lilivunjwa mwaka 1970, na Lule akaondoka mwaka huohuo. Baadaye aliongoza Jumuiya ya Vyuo Vikuu vya Afrika, mjini Accra.

Mkutano wa Moshi wa Machi 1979 ulimchagua kwa sababu hakuwa na jeshi wala chama. Hapo ndipo alipokwama. Aliteua mawaziri kama rais mwenye mamlaka kamili. Baraza la Ushauri la Taifa likadai uteuzi upitie kwake. Baraza lilikuwa na hoja, lakini nchi ilihitaji mafuta na barabara kuliko mabishano ya vyeo. Juni 20, baada ya siku 68, aliondolewa na Godfrey Binaisa akashika nafasi. Watu wa Kampala waliandamana kumtaka arudi.

Mwaka 1981 akawa mwenyekiti wa NRM, Yoweri Museveni akiwa chini yake porini. Lule alifariki London Januari 21, 1985, mwaka mmoja kabla ya vuguvugu hilo kuingia Kampala.