Anna Freud: Mwanagenzi asiye na shahada aliyewafundisha walezi kusoma michezo ya watoto

Mwaka 1941, London ikiwa bado inapigwa mabomu na ndege za Ujerumani, James Robertson kutoka Scotland aliajiriwa katika kituo cha kulea watoto ili atunze tanuri la kupasha nyumba joto. Lakini kama wafanyakazi wenzake wote, alitakiwa pia kuandika kwenye karatasi anachokiona kwa watoto: wanacheza nini, wanalia lini, wanamtafuta nani.

Aliyeweka sharti hilo ni Anna Freud, mmoja wa waasisi wa tiba ya nafsi kwa watoto, tiba inayotumia michezo na mazungumzo badala ya dawa. Yeye mwenyewe hakuwahi kusoma chuo kikuu. Kazi aliijifunza kwa kukaa karibu na wanaoijua, na kwa njia hiyo hiyo aliwafundisha wengine.

Mtoto wa mwisho wa Freud

Anna alizaliwa Vienna, Austria, Desemba 3, 1895. Alikuwa mtoto wa sita na wa mwisho wa daktari Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchambuzi wa nafsi, tiba ambayo mgonjwa huzungumza kwa uhuru huku daktari akitafuta chanzo cha maumivu yake katika mambo yaliyofichika ndani yake.

Alipomaliza shule mwaka 1912, Anna hakwenda kusomea udaktari. Alifaulu mtihani wa uanagenzi wa ualimu, akafanya kazi chini ya walimu wazoefu, kisha akapewa darasa lake mwenyewe. Aliacha kufundisha mwaka 1920 baada ya kuugua mara kwa mara. Hata hivyo, darasani alikuwa amepata kitu ambacho madaktari wengi wa wakati ule hawakuwa nacho: kuishi na watoto wenye afya siku nzima, wakijifunza, wakigombana na wakicheza.

Uchambuzi wa nafsi aliujifunza kwa kufuatana na madaktari wodini, kuhudhuria mikutano yao, na kuchambuliwa na baba yake mwenyewe, jambo ambalo maadili ya taaluma hiyo leo hayaliruhusu. Mwaka 1922 alikubaliwa kuwa mwanachama wa chama cha wachambuzi wa nafsi cha Vienna, na mwaka uliofuata akaanza kupokea wagonjwa.

Je, kila mchezo una siri?

Mwaka 1927 alichapisha kitabu kuhusu namna ya kuwatibu watoto, na kikamwingiza katika mvutano wa miaka mingi na Melanie Klein, mchambuzi mwingine maarufu wa watoto. Klein aliamini kuwa mchezo wa mtoto ni sawa na maneno ya mtu mzima mbele ya daktari, na kwamba unaweza kufasiriwa tangu siku ya kwanza.

Anna alitaka subira. Kwake, mtoto anayeangusha nguzo ya taa katika mchezo wake huenda anarudia tu ajali aliyoiona jana. Mganga anapaswa kwanza kupata imani ya mtoto, kujua maisha yake nyumbani na kushirikiana na wazazi, ndipo aseme mchezo una maana gani.

Watoto wa vita

Wanazi walipoitwaa Austria mwezi Machi 1938, Anna aliitwa na kuhojiwa na polisi wao wa siri, Gestapo. Familia hiyo ya Kiyahudi ilikimbilia London mwezi Juni. Sigmund Freud alifariki dunia huko Septemba 1939, wiki chache baada ya vita kuanza.

Kwa fedha za wafadhili wa Marekani, Anna na rafiki yake Dorothy Burlingham walifungua vituo vya kulea watoto wa vita katika mtaa wa Hampstead. Wengi wa wafanyakazi walikuwa wasichana wakimbizi wasio na taaluma ya tiba. Mchana walilisha, waliogesha na kucheza na watoto. Katika mikutano walisoma walichoandika, na Anna akawaonyesha namna ya kukitazama.

Karatasi hizo zilifichua jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kwa watoto wadogo, kutenganishwa na mama kuliumiza kuliko mabomu yenyewe. Mvulana mmoja wa miaka minne, ambaye baba yake aliuawa katika shambulio, alirudia mchezo wa mabomu kwa miezi. Kila mara, katika mchezo wake, watu wote waliokolewa. Siku aliyoweza kusema kuwa baba hatarudi, hakuuhitaji tena mchezo ule.

Kituo kilibadili utaratibu. Watoto waligawanywa katika familia ndogo, kila moja na mlezi wake wa kudumu. Wivu na vilio viliongezeka, lakini watoto walikua haraka zaidi katika usemi na tabia.

Chuo kilichoanzia chumba cha watoto

Vituo vilifungwa mwaka 1945. Miaka miwili baadaye Anna alianzisha mafunzo rasmi ya tiba ya watoto, na baadhi ya wanafunzi wa kwanza walikuwa walezi wale wale wa wakati wa vita. Kliniki ilifuata mwaka 1952. Wanafunzi walisoma nadharia, lakini pia waliwatazama watoto wakicheza, wakatibu chini ya usimamizi na kujadili kila hatua na wakubwa wao.

Kwa msomaji wa Kasumbalesa au Lubumbashi, njia hii si ngeni. Ndivyo kijana anavyojifunza ufundi wa magari au ushonaji: anasimama kando ya fundi, anaangalia, anajaribu, anasahihishwa. Na katika nchi ambayo vita vya mashariki vimewatenganisha watoto wengi na wazazi wao, kazi ya Anna inaonyesha kuwa mlezi asiye na shahada anaweza kufunzwa kumwelewa mtoto, mradi awepo mzoefu wa kumsimamia.

Robertson, mtunza tanuri, ni ushahidi. Mwaka 1952 alitoa filamu kuhusu mtoto wa miaka miwili aliyelazwa hospitali bila mama yake. Filamu hiyo ilisaidia kuzishawishi hospitali za Uingereza kuwaruhusu wazazi kukaa karibu na watoto wao.

Chuo Kikuu cha Vienna kilimtunuku Anna udaktari wa heshima mwaka 1972, miaka 60 baada ya kumaliza shule. Alifariki dunia London Oktoba 9, 1982, akiwa na miaka 86. Kliniki yake sasa inaitwa kwa jina lake, na bado inafundisha.