Richard Martin

Richard Martin (15 Januari 1754 – 6 Januari 1834) alikuwa mwanasiasa kutoka Ireland. Anakumbukwa hasa kwa sheria ya mwaka 1822 iliyoadhibu ukatili dhidi ya mifugo nchini Uingereza, mojawapo ya sheria za kwanza duniani za aina hiyo.

Maisha

Alizaliwa katika familia tajiri ya Galway yenye asili ya Kikatoliki. Kwa kuwa Wakatoliki hawakuruhusiwa kuwa wabunge, alilelewa kama Mprotestanti, lakini maisha yake yote alitetea haki za Wakatoliki. Alisoma Harrow na Cambridge, akaingia Bunge la Ireland mwaka 1776, na baadaye Bunge la London.

Mpole huyu kwa wanyama hakuwa mpole kwa watu: alipigana mara nyingi kwa upanga na bastola. Mojawapo ya ugomvi huo ulianza baada ya George Robert FitzGerald kumuua mbwa wa familia iliyokuwa rafiki yake. Mfalme George IV alimpa jina la utani Humanity Dick, yaani Dick mwenye utu.

Sheria ya 1822

Wakati huo fahali alifungwa kwenye kigingi na kuachiwa mbwa wamrarue huku watu wakicheza kamari (tofauti na mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ambamo ng'ombe hauawi). Miswada ya kupiga marufuku mchezo huo ilikuwa imeshindwa tangu mwaka 1800.

Sheria ya Martin iliwataja farasi, punda, maksai, ng'ombe jike, mitamba, kondoo na mifugo mingine. Adhabu ilikuwa faini hadi pauni 5, au jela hadi miezi 3 kwa asiyelipa. Martin mwenyewe aliwapeleka wakosaji mahakamani. Hata hivyo neno fahali halikuandikwa, na mwaka 1827 mahakama iliamua kwamba fahali hakulindwa. Miswada yake mingine ya kuziba pengo hilo ilikataliwa.

Mwaka 1824 alishiriki kuanzisha chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, ambacho leo kinaitwa RSPCA. Alipopoteza ubunge alipoteza pia kinga dhidi ya wadai wake, akakimbilia Boulogne, Ufaransa, alikofia.

Baada ya kifo

Mwaka 1835, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, Bunge lilipitisha sheria ya Joseph Pease iliyomtaja fahali na kukataza kupambanisha wanyama.

Rodeo, yaani michezo ya kupanda farasi na fahali wakali na kuwanasa ng'ombe kwa kamba, ilionyeshwa Wembley mwaka 1924. RSPCA ilishtaki ikashindwa, lakini sheria ya mwaka 1934 ilikataza sehemu kubwa ya michezo hiyo. Nchini Marekani, baadhi ya miji, kama Pittsburgh, imekataza vifaa vya rodeo kama spari na mikanda ya kumbana mnyama kiunoni. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008.